Land Rover ya Turubai

Siongiroi tulilizoea gari la paa la kukunjwa kabla hatujaambiwa kwamba ni anasa ya matajiri. Lilikuwa Land Rover ya marehemu baba, Series II, rangi ya kijani, na paa lake lilikuwa turubai lililofungwa kwa kamba juu ya vyuma vya tao. Kiangazi kikikolea, Januari na Februari, baba alilikunja likakaa nyuma ya kichwa chake, tukaenda Sotik tukipigwa na upepo na vumbi. Mvua za Aprili zikianza lilirudishwa na kukazwa, na bado maji yalipata upenyo pale kamba ilipolegea, yakamdondokea aliyeketi kona ya kushoto. Mimi kitinda mimba ndiye niliyepangiwa kona hiyo.

Watu wakisikia nchi ya chai hudhani kila kilima cha huku kimefunikwa na majani ya chai. Chai iko juu, upande wa Kericho, Litein na Konoin, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri. Siongiroi iko chini, Chepalungu, na kwetu ni ng'ombe, mahindi na jua. Siku hizi kuna kiwanda cha kupozea maziwa papo hapo senta, na mfugaji hupeleka mtungi wake kwa miguu au humpa kijana wa bodaboda. Enzi za utoto wangu maziwa yalipaswa kufika kiwanda cha maziwa cha KCC cha Sotik asubuhi ileile kabla hayajaharibika, na barabara ilikuwa udongo mtupu. Baba alinunua Land Rover hiyo kutoka kwa mlowezi wa Sotik aliyekuwa akiuza mali yake arudi kwao, miaka ile ya uhuru. Majirani walikuwa wameshaanza kuleta mitungi nyumbani kabla hata hajajua bei ya petroli.

Mitungi ile iliacha alama ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika haya. Gari likiyumba, mitungi ilisukumana na kugonga ubavu wa ndani, na mwaka baada ya mwaka bodi ikabonyea. Ukiingia nyuma leo utaona vibonde vilivyopangana kwa safu upande wa kushoto na wa kulia, vyote kimo kimoja, kila kimoja na upana wa bega la mtungi. Ukipitisha kiganja unavihesabu bila kuangalia.

Bodi ilibonyea kirahisi kwa kuwa ni alumini, na habari ya alumini hiyo inatupeleka mbali kidogo. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Akaona kampuni yake inaweza kumtengenezea mkulima gari la namna hiyo. La kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, na Aprili 1948 Land Rover ikazinduliwa mjini Amsterdam. Chuma kilikuwa cha mgao Uingereza wakati huo, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini. Upungufu huo wa baada ya vita ndio uliotufaa sisi wa nchi za mvua, maana alumini haipati kutu. Inayooza ni chasisi ya chini, na ukuta ule unaotenga injini na miguu ya dereva, kwa sababu hivyo ni vya chuma.

Mbali na maziwa, gari lilibeba kila kitu. Lilipeleka wajawazito hospitali za Kaplong na Tenwek usiku wa manane. Lilileta bibi harusi. Lilileta maiti kutoka mochari, turubai likiwa limefungwa hadi chini, na baba akiendesha polepole bila kuzungumza na mtu. Wanafunzi wa bweni walifungiwa masanduku juu yake muhula ukifunguliwa. Sikumbuki baba akimtoza mtu nauli ya hospitali. Nakumbuka vizuri kwamba mbolea aliitoza.

Lilisimama katika miaka ya tisini. Hafushafti ya nyuma ilikatika, ugonjwa unaojulikana wa Land Rover za zamani zikibebeshwa mzigo mzito kwenye utelezi. Bei ya maziwa ilikuwa mbaya, pesa ya spea ikaenda kwenye karo, na gari likasukumwa hadi chini ya mgunga ulio nyuma ya boma. Baba akafariki likiwa hapo. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Turubai lilianza kuchanika pembeni, kisha siku moja nikalikuta limefunika mahindi.

Waliolipenda zaidi wakati huo walikuwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Magari mengi ya rika lake yaliondoka hivyo katika Bomet na Kericho. Alumini haina shida ya soko: huyeyushwa na mafundi wa jua kali, ikamwagwa katika kalibu za mchanga, ikarudi kwetu ikiwa sufuria. Nimepika katika sufuria kama hizo maisha yangu yote na sina neno baya juu ya mafundi wake. Biashara yenyewe ilisimamishwa na serikali kwa miezi kadhaa kuanzia Januari 2022, baada ya nyaya na nguzo za umeme kuhujumiwa, lakini kabla ya hapo na baada yake mizani ilipita kijiji kwa kijiji. Kijana mmoja alifika kwa mama akamtajia bei ya kilo. Mama akamuuliza ni wa nyumba gani. Alipojibu, mama akamwambia, "Kijana wangu, mama yako alipelekwa Kaplong kukuzaa wewe, na gari lililompeleka ndilo hili unalotaka kulipima." Kijana alikunywa maziwa ya mursik aliyopewa, akashukuru, akapakia mizani yake akaondoka.

Mama aliponisimulia hayo kwa simu niliamua gari litafufuliwa. Nilikuwa nikifundisha Nairobi na nilikuwa nimeshaona magari ya kale yaliyofufuliwa kwa fedha nyingi, kwa hiyo nilidhani najua kinachotakiwa. Maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970, hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, yakiandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Mwaka mmoja nilivutwa na Ford Mustang ya paa la kukunjwa. Mustang ilizinduliwa New York Aprili 1964, na hii ilikuwa ya miaka hiyohiyo ya mwanzo: nyekundu, viti vyeupe, bampa za kromu ambazo ungeweza kuchania nywele mbele yake. Waamuzi hawaishii kwenye rangi. Hufunua boneti, hukagua viti, huchungulia hadi chini ya gari, na kila sehemu hupewa alama zake. Mwenye gari alikuwa mtu mpole, akaniruhusu niguse usukani. Nikamuuliza gari hili lilikuwa la nani zamani na lilifanya kazi gani. Akaniambia, "Hilo sijui, mama. Nililipata likiwa mifupa."

Nililipenda gari lile na bado nalipenda. Mtu aliyeokoa mifupa ya gari akairudishia uhai amefanya kazi ya kuheshimiwa. Ila jibu lake lilinikaa, maana kwetu ilikuwa kinyume: gari letu halikuwa na rangi wala paa wala breki, lakini kila mtu wa Siongiroi aliyevuka miaka hamsini angeweza kukueleza lilimbeba wapi na siku gani. Nikajiuliza fundi atakapomaliza, kipi kati ya hivyo viwili kitakuwa kimebaki.

Fundi tulimpata Kericho mjini. Ni mzee aliyejifunza kazi akiwa kijana katika gereji ya Kalasinga, kama mafundi wengi wa rika lake. Masingasinga wa Kericho walikuwa wahunzi, maseremala na makanika tangu kizazi cha reli, na Joginder Singh mwenyewe, bingwa wa Safari Rally, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Mashindano yale yalianza 1953. Joginder aliyashinda 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kabla haijawafikia, tena akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mzee wetu huutaja ushindi wa 1965 kuliko mwingine wowote. Husema gari la mkono wa pili likiandaliwa na watu wanaolijua hulipita jipya, na husema hivyo akiwa na spana mkononi, kwa hiyo humbishii.

Ukarabati wenyewe aliuanza kwa kusikiliza. Alilala chini na nyundo ndogo akaigonga chasisi kuanzia mbele kwenda nyuma, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito, na nyundo huacha shimo. Mbele palikuwa pazima. Kuanzia nyuma ya gia hadi bampa ya nyuma sauti ilibadilika, naye akawa anachora kwa chaki. Alipokata sehemu iliyooza, ndani ya chasisi kulikuwa kumejaa udongo mweusi wa Chepalungu ulioshikana kama tofali, pamoja na mabua na punje za mahindi. Udongo huo ulikuwa ukinyonya maji ya mvua na kuyahifadhi humo miaka yote, ndio maana chuma kililika kutoka ndani huku nje kikionekana kizuri. Alichomelea bamba jipya, akaacha matundu ya kutoa maji chini, akasema matundu hayo yachokolewe kila mvua zikiisha.

Injini ilikuwa imekwama. Ni ya petroli, pistoni nne, lita mbili na robo, na spea zake bado zinapatikana Nairobi ukiwa na subira. Alifungua plagi akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu yake, akaiacha ilowe, akawa anaijaribu kwa hendeli ya mbele kila akipita. Hakutaka mtu mwenye haraka aiguse. Siku injini ilipozunguka alinipigia simu darasani, nikatoka nje kumsikiliza.

Kabla ya yote hayo alikuwa amedai logibuku. Mama aliitoa kwenye sanduku la bati, mchwa wamekula pembe mbili, lakini jina la baba na namba vilisomeka. Fundi alikwangua rangi mbele upande wa kulia, karibu na mshikio wa springi, mpaka tarakimu zilizogongwa kwenye chuma zikatokea, tukazilinganisha na karatasi moja baada ya moja. Zilikubaliana. Aliniambia amewahi kuacha magari mazuri kwa kukosa hilo tu, kwa sababu gari lisilo na karatasi haliingii barabarani hata likiwa linang'aa vipi, na mrithi anaweza kuhangaika ofisini kuliko gereji.

Ubishi ulianza kwenye bodi. Ndugu zangu walitaka rangi ya kumetameta, rimu pana, viti vya ngozi na redio. Walikuwa wametoa fedha zao na walikuwa na haki ya kusema. Mmoja alikuwa ameshaona bei zinazotajwa mtandaoni kwa Land Rover za zamani zilizofufuliwa na kupelekwa Ulaya, akahesabu kwamba tukilifanya kama jipya tutamuuzia mkusanyaji na kila mtu apate fungu lake. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mama anazeeka na dawa zina gharama.

Mimi niliwasimulia habari ya Cadillac Eldorado. Katikati ya miaka ya sabini kampuni za Marekani zilikuwa zimeacha kutengeneza magari ya paa la kukunjwa, kwa kuogopa sheria za usalama zilizokuwa zikitarajiwa na kwa sababu wateja walihamia kwenye viyoyozi. Cadillac ikatangaza kwamba Eldorado ya 1976 ndiyo ya mwisho. Zikatengenezwa 14,000 mwaka huo, na watu wakazinunua kwa bei ya juu wakaziegesha gerejini bila kuziendesha, wakingoja thamani ipande. Chrysler ikarudisha paa la kukunjwa mwaka 1982, na Cadillac yenyewe ikafuata na Eldorado nyingine ya 1984. Baadhi ya waliohifadhi wakaishtaki kampuni kwa kudanganywa. Magari yao yalikuwa mapya kabisa, na hayakuwa yamemfikisha mtu yeyote mahali popote. Niliwaambia ndugu zangu kwamba thamani inayotegemea tangazo la mwenye kiwanda inaweza kufutwa na tangazo lingine. Ya gari letu iko ubavuni mwake, na hakuna kiwanda kinachoweza kuitengeneza upya.

Fundi naye alikuwa na lake. Alisimama nyuma ya gari akaviangalia vile vibonde akasema, "Hivi nivinyooshe?" Kwake si jambo dogo. Bodi iliyonyooka ndiyo sahihi ya fundi, na gari likitoka gereji yake na mabonde watu watasema mzee amechoka, hakumaliza kazi. Mama alikuwa amekuja siku hiyo. Aliingia nyuma kwa shida, akaketi kwenye benchi, akaweka kiganja kwenye kibonde kimoja baada ya kingine huku akitaja majina ya wenye mitungi kwa mpangilio waliokuwa wakipandishwa njiani kuanzia kwetu hadi lami. Wengi wao wameshakufa. Alipomaliza fundi alisema, "Basi mama, nje nitanyoosha, ndani sigusi." Ndugu zangu hawakuongeza neno.

Rangi iliamuliwa vivyo hivyo. Alipokuwa akikwangua mlango alikuta tabaka tatu: bluu ambayo baba alipaka mwenyewe kwa brashi, kijani tuliyoikumbuka, na chini kabisa kijani nyepesi ya kiwandani. Tulirudi kwenye kijani tuliyoikumbuka. Mtu wa maonyesho angetaka ya kiwandani, na kwa kanuni zake angekuwa sahihi. Sisi hatukulifufua gari la mlowezi, tulilifufua la baba. Turubai jipya lilishonwa na fundi wa Kericho anayeshona maturubai ya malori, akitumia lile bovu kama kipimo, na matundu ya kamba yakakaa palepale. Kona ya kushoto sasa haivuji.

Kuna jambo ambalo nchi nzima inapaswa kuliona. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, na gari la usukani wa kushoto halisajiliwi ila kwa sababu maalumu. Sheria hiyo ina faida zake kwa usalama na kwa hewa tunayovuta. Maana yake kwa magari ya kale ni kwamba hatuna pa kuyaagizia mengine. Yale yaliyomo humu nchini, chini ya migunga na kwenye mabanda ya mahindi, ndiyo yote tuliyo nayo, na kila linaloyeyushwa au kuuzwa ng'ambo linapunguza hesabu isiyojazwa. Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yameweka magari yaliyotumiwa na Mwalimu Nyerere, na watoto wa shule hupelekwa kuyaona. Ni vyema. Ila magari ya marais yatapata wa kuyatunza daima. Gari lililobeba maziwa ya Chepalungu halina mtunzaji mwingine zaidi ya wenye boma.

Simlaumu anayeuza. Najua nyumba iliyouza Peugeot 404 ya babu ili mtoto aingie chuo, na mtoto huyo leo ni muuguzi. Ninaloomba ni utaratibu. Kama kuna gari la kale bomani kwenu, Bomet, Kericho au popote, litoeni kwenye udongo kwanza, mliweke juu ya mawe au magogo, maana udongo hula chasisi kuliko mvua. Tafuteni logibuku wakati aliyeificha bado anakumbuka alipoiweka. Kisha mketisheni mama, baba au jirani aliyelipanda, mwandike lilibeba nani, kwenda wapi, mwaka gani. Kazi hiyo haihitaji fundi wala fedha, na ndiyo ya kufanywa mapema, kwa sababu chuma kinaweza kungoja mwaka mwingine na wazee wetu hawawezi.